Mashine Iliyoungua Sebuleni Kwangu

Jina lake sitaliandika. Nilishalichezea vya kutosha nilipokuwa Amu, na safari hii nataka lipumzike. Watu walimwita Bi Fundi, kabla ya kumbandika lakabu nyingine nitakayoifikia, na mimi nitamwita vivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuunda kompyuta za michezo, zile kubwa ambazo huzinunui zikiwa tayari bali unachagua kiungo kimoja kimoja hadi mashine ikamilike. Aliziundia katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe, nyuma ya pazia la kijani, na kwa miaka yote niliyomjua, mashine yake iliyoungua ni moja tu. Ilikuwa yangu. Aliyeiunguza ni mimi, na anayejulikana kuwa aliiunguza ni yeye.

Nimelisema hilo mwanzoni ili nisije nikajificha katikati ya maneno. Mimi ni hodari wa kujificha.

Mimi ni mtu wa bara, Mkamba wa Kitui, mwalimu wa hisabati. Nilihamishiwa Amu, ndio mji wa Lamu, nikiwa na sanduku, godoro na ugonjwa mmoja ambao sikumwambia mtu: napenda kurusha ndege kwenye kompyuta. Si michezo ya kupigana risasi. Unakaa mbele ya usukani, unapaa, unaangalia mawingu, unatua polepole kwenye uwanja ambao hutaukanyaga maishani mwako. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa kidato cha nne, anakaa Jumamosi nzima akitua viwanja vya watu. Hilo si jambo la kutangaza chumba cha walimu. Kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa inachemka na kukwama kila nikikaribia ardhi, nikawa naanguka kila siku. Nikachoka kuanguka.

Mwenye nyumba wangu ndiye aliyenielekeza kwa Bi Fundi. Nilipiga hodi, sauti ikatoka ndani: "Karibu, ngia. Lakini kwanda osha mikono." Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya maji na taulo. Nilidhani ni mambo ya dini. "Mikono yenu ina munyu," akasema. Munyu ndiyo chumvi. Kwa maoni yake adui wa kompyuta Amu hakuwa virusi. Alikuwa upepo wa bahari, na chumvi yake huingizwa ndani na mikono ya watu wanaojiona wasafi.

Alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mwembamba, hina vidoleni, na jozi mbili za miwani: moja machoni, nyingine kichwani. Nilimwambia nataka mashine kali. Akakunja uso.

"Kali? Mkali ni mbwa. Utateza nini?"

"Ndege," nikasema kwa sauti ndogo.

"Za vita au za abiria?"

"Za abiria, Bi."

"Alhamdulillahi. Keti."

Akaniuliza kioo changu kina ukubwa gani, nyumba yangu inapata upepo wa upande upi, umeme wetu unakatika mara ngapi kwa wiki na ukirudi taa zinawaka kwa nguvu au zinalegea kwanza. Nilitaka kuzungumzia kadi ya picha. Kila aliyewahi kutaka mashine ya michezo anajua ugonjwa huo: unaota kadi ya picha tu, mengine unaona ni vifungashio. Bi Fundi alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza atakavyojenga ghorofa. Kesho yake alikuja nyumbani kwangu, akapapasa ukuta, akanusa soketi, akasema meza haitakaa pale nilipoiweka.

Kulikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote: kufu. Watu wa pale wakitaka kuoza huuliza kwanza kama bwana na bibi wana kufu, yaani kama wanalingana wasije wakaaibishana. Yeye aliuliza hivyo juu ya vyuma. Prosesa, alinieleza, ndiyo inayofikiri, na kadi ya picha ndiyo inayochora. Mwenye kufikiri akiwa mzito, mchoraji anakaa bure na kalamu mkononi. Mchoraji akiwa mzito, mwenye kufikiri anaita hadi sauti inakauka. Madabodi, ule ubao ambao kila kitu kinachomekwa juu yake, ndiyo nyumba yao, na si kila nyumba ina mlango wa kumpitisha kila mtu. "Watu huniletea bwana arusi peke yake," alilalamika. "Wamempamba, wamemtia manukato. Nikiwauliza atalala wapi, hawayui."

Vijana walimkasirikia kwa hilo. Mmoja alikuja na kadi aliyotumiwa na mjomba wake kutoka Arabuni, kubwa kama tofali, akitaka itiwe kwenye mashine ya zamani ya ofisi. Bi Fundi aliishika, akaisifu, akaifuta vumbi, akamrudishia. "Hii ni nzuri mno. Ngoja uwe na mashini ya kuistahi." Kijana alitoka akibamiza miguu. Baada ya mwaka alirudi na vitu vingine vyote kwenye gunia juu ya punda, na Bi Fundi akamuundia bila kumkumbusha neno.

Hesabu zake alizifanya kwa kunde. Kila kiungo kinakula umeme wake, na pawasaplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya mashine, lazima liweze kuwalisha wote. Mimi ningejumlisha kwa kichwa. Yeye alikuwa na vikombe vya kahawa vya ukubwa mbalimbali, kila kimoja kikisimama badala ya pawasaplai ya aina fulani, na kila kunde moja ilikuwa kipimo cha umeme. Alidondosha kunde za prosesa, kunde za kadi, kunde za feni, mpaka basi, kisha akaangalia zimefika wapi. Vikombe vile vina mstari wa dhahabu chini kidogo ya mdomo. Kunde zikivuka mstari, alimwaga zote na kuchukua kikombe kikubwa zaidi.

"Lakini Bi, bado zinaenea," nilimwambia. "Kikombe hakijamwagika."

"Kikombe kimeyaa hakitukuliki," akasema, yaani kilichojaa hakichukuliki. "Utakitukua wewe kutoka hapa mpaka barazani?"

"Mimi nimesomea hisabati, Bi."

"Hisabati wayua," akasema. "Kikombe huyui."

Nilicheka. Nilikwenda kuwasimulia walimu wenzangu, nao wakacheka, na kwa muda mrefu hiyo ilikuwa hadithi yangu nzuri ya Amu: mama anayeunda kompyuta kwa kunde. Leo nikiikumbuka natamani kuwatafuta wote waliocheka niwaombe waniazime kicheko chao nikitupe baharini.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alihubiri subira kuliko imamu, lakini vifaa vyake vikiwa vimefika Mokowe vinasubiri boti, alimpigia nahodha simu kila robo saa: "Umefika wapi? Na sasa umefika wapi?" Wanaume hawakuingia chumbani mwake. Askari mmoja alileta kompyuta akataka kuingia nayo, na sauti ikamjia kupitia pazia: "Mashini ingie, wewe keti barazani." Alikaa. Lakini ufundi wake wote aliupata kwa wanaume: alikuwa mpiga chapa ofisini, akawa anawaangalia mafundi wanaotengeneza mashine za taipu, halafu akaanza kuwasahihisha. Alisema michezo ya kompyuta ni kupoteza umri, na Mungu atakuja kutuuliza tuliupeleka wapi. Kisha kila mashine aliyoimaliza aliijaribu kwa kuendesha lori.

Hilo lazima nilieleze. Amu ni mji wa miguu na punda. Bi Fundi hakuwahi kushika usukani wa gari la kweli, na sidhani kama alikuwa amepanda magari mara nyingi. Lakini alikuwa na mchezo wa malori, unabeba mizigo kwenye barabara ndefu za nchi za baridi, na baada ya swala ya alasiri ungemkuta ameketi wima, miwani zote mbili machoni, anaendesha. Alisoma bismillahi kabla ya kuwasha. Aliwasha taa ya kukata kona hata barabara ikiwa tupu. Siku moja nilimsemesha, hakugeuka. Nikamwambia, "Bi, si ulisema michezo ni kupoteza umri?"

"Huu si mtezo," akasema. "Nimepakia maziwa, yataharibika."

Nilimpenda sana siku ile. Nataka hilo nalo lijulikane, kwa sababu nilichokifanya baadaye sikumfanyia adui.

Alikuwa na desturi moja zaidi. Mashine ikikamilika, kila skrubu ya nje aliidondoshea tone la rangi ya kucha, zambarau. Kucha zake mwenyewe hakupaka kamwe kwa ajili ya udhu. Chupa ile ilikuwa ya skrubu tu. Ukifungua mashine, rangi inakatika. "Ikiwa na rangi yangu, mashini ni yangu," alimwambia kila mteja, na mimi aliniambia. "Ikiungua, ndoo unitukane," yaani njoo. "Rangi ikikatika, ni yako wewe na Mola wako."

Yangu ilikamilika mwezi wa tatu. Haikuwa na taa za kumetameta, haikuwa na kitu cha kumuonyesha mtu. Ilifanya kazi. Niliruka na kutua, niliruka na kutua, haikuchemka wala kupiga kelele. Miezi minane sikuwa na neno.

Kisha nikampigia simu mdogo wangu wa Nairobi, naye akaniuliza nina kadi gani. Nilipomtajia alicheka hadi akakohoa. "Sis, hiyo ni ya kufungulia email! Mimi nabadilisha yangu, nitakutumia hii ya zamani. Ni mnyama." Nikamwambia fundi wangu hatakubali. "Fundi gani? Yule mama wa kunde? Wachana na yeye, unafungua tu unachomeka. Nitakuwekea na ile waya ya kujoinisha." Yaani waya wa kuunganisha, kwa sababu kadi ile ilidai plagi mbili za umeme na pawasaplai yangu ilikuwa na moja.

Bi Fundi alikwisha kuniambia juu ya waya zile. Alisema kuunga waya ni sawa na kumwambia mtu mmoja ale chakula cha wawili kisha afanye kazi ya watatu. Nilikumbuka maneno yake nikiwa nimeshika bisibisi, na nikaendelea. Nilijiambia ni mzee, mwoga, hajui mambo ya kisasa. Mimi nina shahada. Sikuketi hata dakika moja nikajumlisha, mimi ninayewapiga wanafunzi mistari myekundu kwa kuruka hatua. Kadi ilikuwa ndefu kwa kidole kimoja. Nikang'oa kibati cha ndani ili iingie. Ile ya zamani nikaifungia kabatini chini ya shuka.

Halafu nikaiona rangi ya zambarau imekatika kwenye skrubu zote.

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Ningekwenda kwake nimwambie, anifokee, yaishe. Badala yake nilikwenda dukani nikatafuta chupa ya zambarau kama ile. Muuza duka, mwanamke mcheshi, aliniuliza kama nina harusi. Nikasema ndiyo. Nikarudi nyumbani nikapaka skrubu moja moja, kwa uangalifu kama mtu anayetia sahihi ya mwenzake. Na kwa nini? Hakuna aliyekuwa ananikagua. Sikutaka tu siku akija kunitembelea anione mbishi.

Mawingu yalikuwa mazuri ajabu. Wiki tatu niliruka juu ya mawingu yale nikijiona mjanja.

Sasa, Ras Kitau kulikuwa na hoteli ambayo meneja wake, mtu wa bara kama mimi, alitaka chumba cha michezo kwa ajili ya wageni wanaokuja na watoto wakubwa. Mashine nane. Alisikia habari za Bi Fundi, lakini alitaka kwanza kuona kwa macho kazi ya mikono yake ikichapa mchezo mzito. Mojawapo ya mashine nzito alizounda mjini ilikuwa yangu. Bi Fundi alikuja mwenyewe kuniomba, na alikuwa ameona haya kuniomba. Kazi hiyo ikipatikana, aliniambia, atachukua chumba cha pili na kuwaweka wasichana wawili awafunze. Wote wawili walikuwa wanafunzi wangu. "Wana akili, Bi Mwalimu, nao hawana pa kukaa nayo." Nilimwambia bila shaka, Bi, karibuni Jumamosi.

Nilikuwa na siku mbili za kurudisha kadi ya zamani. Sikuirudisha. Nilitaka meneja ayaone mawingu.

Walikuja baada ya chakula cha mchana: meneja, msaidizi wake, mwenye nyumba wangu, walimu wawili na majirani wachache waliotaka kutazama. Bi Fundi alisimama karibu na mlango akiwa na buibui, yeye ambaye hakai mbele ya wanaume, na kwa mara ya kwanza niliona mikono yake imetulia. Hakuwa na wasiwasi. Aliijua mashine yake. Nikawasha, nikapaa, watu wakasema "loo!" Nikazidisha ubora wa picha hadi mwisho. Meneja akainama kutazama. "Wah, madam, hii ni moto."

Ikasikika sauti ndani ya kasha, pa, kama punje moja ya bisi. Kioo kikazimika. Ikaja harufu, halafu moshi mweusi ukatoka nyuma ya mashine ukapanda ukutani, jirani mmoja akapiga kelele, mwenye nyumba akachomoa waya soketini kwa kikoi.

Meneja alirudi nyuma hadi kwenye ukuta. "Sasa mama," akamwambia Bi Fundi, "hii ndio ungetaka tuwekee wageni? Watoto wa watu wachomeke?"

Bi Fundi alipiga magoti mbele ya mashine, akasogeza miwani, akaweka kidole juu ya skrubu ya juu. Akakipitisha kwenye ya pili. Rangi yake yeye, baada ya miezi ile yote, ingekuwa imekauka na kufifia. Yangu ilikuwa nene, inang'aa. Akageuka.

"Bi Mwalimu, umeifungua?"

Chumba kizima kiliniangalia. Msomaji, sikuwa nimetishiwa na mtu. Hakuna ambaye angenifukuza kazi. Ningeona haya nusu saa, watu wangesema mwalimu naye ana kiherehere, na meneja angempa Bi Fundi kazi yake kwa kuwa kosa halikuwa lake. Niliyajua yote hayo, na kinywa changu kikasema, "La, Bi. Sijaigusa."

Alinitazama kidogo tu.

"Basi kosa ni langu," akasema. Akainuka, akamgeukia meneja, akamwomba radhi. Akawaomba radhi majirani kwa moshi. Akaniomba radhi mimi.

Mashine nane za Ras Kitau ziliagizwa Mombasa.

Jumatatu alikuja kwangu nilipotoka shule, na pawasaplai mpya chini ya buibui. Nilijua kwamba akifungua ataona. Nikakimbilia jikoni kupika chai, nikaipika kwa muda ambao ungetosha kupika maharagwe. Nilisikia bisibisi, kisha sikusikia kitu. Niliporudi na birika, kadi ya mdogo wangu ilikuwa mezani, imezungushiwa gazeti vizuri kama samaki wa kupelekewa mgonjwa.

"Ile kadi nyingine i wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kijiko.

Nilifungua kabati, nikaitoa chini ya shuka, nikampa. Aliipokea. Aliichomeka, akakirudisha kile kibati, akafunga, akapaka rangi kutoka kwenye chupa yake, akaketi anywe chai. Nilisubiri maneno. Nilikuwa na hamu ya kutukanwa. Aliniambia chai ina sukari nyingi.

Mlangoni, akivaa viatu, ndipo aliposema. "Siku ile nilikuuliza mbee ya watu. Mtu haulizwi kosa lake mbee ya watu, atafanya nini ila kukana? Nilighadhibika. Unisamehe."

Akaondoka. Ameniomba radhi mara mbili kwa uongo wangu, na mimi sijafungua mdomo hata mara moja.

Amu haichelewi kutoa majina. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa Bi Moshi. Watu wa pale hutaniana kwa upendo na yeye mwenyewe alicheka, lakini anayetaka mashine ya kazi hapeleki kwa mtu anayeitwa Bi Moshi. Wale wasichana wawili hawakupata chumba chao. Darasani mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, ni kweli Bi Moshi aliunguza kompyuta kwako?" Nikasema, "Fungueni vitabu, ukurasa wa sitini." Nimelelewa kanisani, najua habari za kukana.

Alianza kupokea pasi, feni, chaja za simu. Mimi nilianza kupita uchochoro wa nyuma ili nisipite mbele ya pazia lake. Ilinilazimu kuzunguka msikiti mzima kufika sokoni, na nilizunguka hivyo mwaka na nusu, hadi nilipopata uhamisho kurudi Kitui. Sikwenda kumuaga. Nilimtumia ujumbe wa simu. Alijibu: "Ndia njema, Bi Mwalimu. Mashini isikae dirishani."

Miaka mitano ikapita. Mwaka huu mmoja wa wale wasichana wawili aliolewa na kunialika. Nilikwenda, nikajiambia kwamba safari hii nitasema. Nilijiambia hivyo kwenye basi, nikajiambia hivyo kwenye boti.

Nilimkuta Bi Fundi kwenye karamu ya wanawake, mchana, baada ya pilau. Alikuwa ameketi na mgongo ukutani, amekonda zaidi, jicho moja limeingia ukungu. Aliniita kwa mkono, akanisogezea mto, akaniuliza hali za nyumbani, mvua, shule. Nilikuwa natafuta pa kuanzia alipotokea binti mmoja, binamu wa bibi harusi, akiwaeleza wenzake kwamba anataka kompyuta kubwa ya kuchezea na kutengenezea video, amuulize nani?

"Muulize Bi Moshi!" akasema shangazi mmoja mnene mwenye sauti. "Atakupa na fayabrigedi bure!" Ukumbi ukacheka. Bi Fundi naye akatabasamu na kutikisa kichwa. "Muulizeni mwalimu huyu hapa," akaongeza yule shangazi, "ilikuwa nyumbani kwake!"

Nyuso zote zikanigeukia, kama siku ile.

"Haikuwa kosa lake," nikasema. "Niliifungua mimi. Nilitia kadi ambayo mashine haikuweza kuilisha, nikapaka rangi juu ya skrubu ili asijue, na aliponiuliza nikamwambia uongo mbele ya watu. Kazi yake ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyeiunguza."

Yule shangazi akaweka mkono kifuani, macho yakamlegea.

"Mashaallah, Bi Mwalimu! Mwamwona? Amwona mwendani wake yuaaibika, kosa ajitwika yeye!"

"Una sitara, mwalimu," akasema mwingine. "Mola nawe akusitiri."

"Hapana, sikilizeni, naapa ni kweli."

"Na kuapa juu yake!" Wakazidi kunisifu. Mmoja akanifuta jasho kwa ncha ya leso yake. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kuwa mwema. Nikamgeukia Bi Fundi, nikamshika mkono. "Bi, waambie. Wewe uliifungua ukaona kadi. Nilikupa ile nyingine kwa mkono wangu kutoka kabatini. Waambie tu."

Neno moja lake lingetosha. Alilijua, nami nilimwona analijua. Aliniangalia kwa lile jicho zima, mgeni wa watu, nimeketi katikati ya wanawake arobaini, nimeshika mkono wake.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Kula halua, Bi Mwalimu."

Wakaguna kwa ridhaa, mazungumzo yakahamia kwenye nguo. Yule binti akasema basi ataagiza Mombasa. Bi Fundi akamgusa goti. "Mwanangu, ukiagiza, kwanda waulize pawasaplai. Kadi mwisho. Na usikubali waya wa kuunga." Binti alimtabasamia kwa adabu, kama tunavyowatabasamia wazee, akasema naam, Bi, na hakuandika kitu.